Mwaka Tuliotafuta Ndugu za Watu

Silvesta alinipigia simu nikiwa kibarazani kwangu hapa Morogoro, napepeta mchele. Simu zake kwa kawaida ni za Krismasi na Pasaka, na siku ile haikuwa Krismasi wala Pasaka, kwa hiyo nilijua kabla hajasema. "Ansila," akaanza, nikasikia nyuma yake mtu akiagiza viti vipangwe upande wa kivulini. "Dada Paska katutoka alfajiri. Tunamzika keshokutwa. Utakuja?" Nikasema nitakuja. Nikauweka ungo chini, na kuku wakaja wakaula mchele wote nikiwatazama tu.

Kesho yake jioni nilikuwa Tanga, mbele ya nyumba ile ile ya Nguvumali. Wameipaka rangi, wameiezeka upya, na uani palipokuwa na jiko la kuni sasa pana tanki la maji. Wasichana wa kikundi cha siku hizi walinipokea mzigo, wakaniamkia, wakaniita bibi. Mmoja akaniuliza kama nimewahi kufika Tanga. Nikamwambia niliishi hapa, kwenye chumba hicho cha kulia, zamani sana. Akaitikia kwa adabu, kisha akarudi kukata vitunguu vya msiba. Sikumlaumu. Kwake mimi ni mgeni mwenye miguu iliyovimba kwa safari. Lakini nilisimama pale koridoni nikashika ukuta. Nimeishi katika nyumba nyingi tangu nitoke hapa, nyingine za kupanga, moja ya kujenga mwenyewe pamoja na marehemu mume wangu, na bado nikiota niko nyumbani, ndoto hunileta kwenye koridoo hii niliyokaa mwaka mmoja tu.

Nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri nafasi ya chuo cha uuguzi, na paroko akaniambia badala ya kukaa bure niende nikawasaidie watu wa Kikundi cha Huduma. Kikundi chenyewe lilikuwa jina kubwa kuliko watu. Walei wa parokia walikuwa wakichangia unga, sabuni na nguo kila baada ya Misa ya Jumapili, lakini waliokuwa wakizipeleka zinakotakiwa walikuwa wawili: Silvesta, seremala aliyekuwa akiishi Mabawa na kuja kila asubuhi kwa baiskeli, na Paskalia, ndiye huyo Dada Paska. Paskalia alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye mwendo wa mtu anayechelewa. Alikuwa amefundisha chekechea kwao Mbulu akaacha. Watu walimwita sista, naye kila mara akawasahihisha: "Mimi si sista. Sista ana nyumba ya watawa na mama mkuu. Mimi nina Bi Tatu." Bi Tatu ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, mama wa Kidigo, mjane, aliyekaa vyumba vya kushoto na bintiye mchanga, Mwanaidi, na kutupangisha sisi vya kulia. Jiko lilikuwa moja, na ndani ya jiko hilo yeye alikuwa ndiye mama mkuu hasa. Siku ya kwanza alinitazama juu hadi chini, nikasema shikamoo, akasema, "Marahaba. Huyu naye mwembamba hivi atabeba nani?" Kisha akanipa sahani ya bada, ule ugali wa muhogo wa huku, na samaki wa chukuchuku, aliyechemshwa bila mafuta, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza.

Jinsi ninavyoikumbuka ladha ile, siwezi kuieleza kwa watoto wangu. Nimejaribu kupika bada hapa Morogoro, nikapata kitu kinachonata tu. Pengine ni unga, au ni maji. Pengine kilichokosekana ni sauti ya Bi Tatu akitubishia wakati wa Kwaresima: "Nyie mwafunga huku mwala? Kufunga gani huko, mwana wee?" na Paskalia akijibu mdomo umejaa, "Tunafunga nyama, Bi Tatu," naye akisema, "Nyama! Hiyo nyama mwaiona wapi hata muifunge?" Tulicheka hadi tukapaliwa. Kila asubuhi, kabla hatujatoka, Paskalia alisimama mlangoni akasali sala yake fupi kuliko zote nilizowahi kusikia: "Bwana, unawajua. Tusaidie tuwajue. Amina." Halafu safari.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kwenye kambi ya shamba la mkonge, nje ya mji, kando ya barabara ya kwenda Pangani. Shamba lilikuwa limekufa. Mashine ya kuchakata mkonge ilikuwa kimya, na mimea iliyoachwa bila kukatwa ilikuwa imetoa milingoti mirefu kila upande. Vijana walikuwa wamekwisha kuondoka kutafuta maisha. Waliobaki kwenye zile nyumba za laini, za vibarua zilizopangwa safu kwa safu, walikuwa wazee, watu walioletwa kutoka bara kwa mikataba wakiwa bado hawajaota ndevu vizuri, kutoka Uha, Ubena, Ungoni, hata ng'ambo ya mto Ruvuma. Wengi walikuwa Wakatoliki, wengine Waislamu, wengine hawakuwa na dini ya kutaja. Tuliwachotea maji, tukawafulia, tukawapikia uji. Silvesta alitengeneza milango na vitanda. Mimi niliogopa sana wiki za mwanzo. Mzee wa kwanza kumwosha kidonda alikuwa Mzee Sabasi, Muha, mwenye mikono iliyojaa makovu ya miiba, na nilipoidondosha pamba yeye ndiye aliyenibembeleza: "Polepole, mwanangu. Mguu wenyewe hauendi popote."

Jirani yake alikuwa Bibi Melania, Mmakonde, aliyemzika mume na watoto wake wote pale pale pembeni ya mkonge. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye ndonya ya zamani iliyoacha tundu kwenye mdomo wa juu, na alikuwa mkali. Ukifagia vibaya, aliuchukua ufagio akafagia upya mbele yako. Mimi alinipenda kwa sababu moja tu, nadhani: nilimwachia afagie.

Mvua za masika zilikuwa karibu bwana mmoja alipokuja na gari, akawakusanya wazee mbele ya bohari lililobomoka. Shamba limepata mwenyewe mpya, akasema, na nyumba za laini zitabomolewa mvua zikiisha. Kila mmoja arudi kwao. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, maana wazee walimwitikia "ndiyo bwana" kama walivyozoea, kana kwamba ametangaza siku ya mapumziko. Sisi tulikuwa na ndoo mikononi. Paskalia akaiweka yake chini akamfuata kwenye gari.

"Samahani, baba. Kwao wapi?"

"Kila mtu ana kwao, sista."

"Mimi si sista. Huyu Bibi Melania ametoka kwao akiwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza. Mtoto huyo angekuwa hai angekuwa na wajukuu. Anarudi kwa nani?"

Yule bwana akafunga mlango wa gari, lakini kioo kilikuwa wazi. "Basi, dada, ikiwa mnawapenda hivyo, watafutieni ndugu zao. Mimi nimetumwa kufikisha taarifa."

Tulirudi mjini kwa miguu, Silvesta akiisukuma baiskeli. Tulipofika uani Paskalia alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akavua raba zake, akasema, "Ameyasema kwa hasira, lakini kasema kweli. Hatujawahi kuwauliza. Tunawapelekea uji mwaka hadi mwaka, na hatujui mama zao waliitwa nani."

Ndivyo mwaka wangu ulivyogeuka. Asubuhi tulifanya kazi zilezile, lakini sasa huku tukiuliza. Unakumbuka nini? Mlima? Mto? Nani alikuwa akikubeba mgongoni? Wengine waliyatoa yote kama maji ya bombani, majina ya koo, ya mbwa, ya walimu wa dini. Wengine walitikisa kichwa tu, na kuna mmoja aliyelia kwa sababu alilikumbuka jina la dada yake wakati tukimchujia chai, akaanza kulirudia kama aliyeogopa lisimponyoke tena. Jioni tulikaa sebuleni, chumba chenye meza moja na picha ya Mama Bikira Maria iliyofifia, tukatunga matangazo ya redio. Wakati ule redio ilikuwa moja nchi nzima, na kila jioni ilisoma matangazo ya vifo na ya watu wanaotafutwa. Tangazo la Mzee Sabasi lilitushinda kwa muda, kwa sababu yeye alitaka neno moja liwemo, na sisi tulidhani halina haja. "Andikeni kwamba niko hai," alisema. Paskalia akamweleza kwamba anayetafuta ndugu ni dhahiri yu hai. Mzee akasema, "Dhahiri kwako. Wao je?" Neno likaingia: Sabasi, aliyeondoka Uha akiwa kijana kwenda kukata mkonge Tanga, yuko hai, anamtafuta ndugu yake Butoyi.

Redio ilikuwa ya Bi Tatu. Aliifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na kabla ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Sasa kila jioni, baada ya swala ya magharibi, aliileta koridoni mwenyewe, majirani wakaja, na msomaji alipoanza, Bi Tatu alinyanyua mkono: "Nyamazeni! Wasomwa wazee wetu." Sikuwa nimemsikia akiwaita hivyo kabla. Nilikuwa nikikaa sakafuni nimeegemea mlango wa chumba changu, Paskalia karibu nami, magoti yake yamekutana na kidevu, akiyafuatisha majina kwa midomo bila sauti. Nikimkumbuka sasa ndivyo ninavyomwona. Simwoni akibishana wala akibeba ndoo. Namwona pale sakafuni, akisikiliza kama mtoto anayengoja kuitwa jina lake darasani.

Majibu yakaanza kuja parokiani. Mpwa wa mzee mmoja alisafiri kutoka Njombe na koti la kumvika mjomba wake, akaondoka naye siku hiyohiyo. Wengine walijibu kwamba hawamjui anayetajwa. Familia moja ilituma ujumbe kwa katekista wao kwamba baba huyo walikwisha kumlilia na kumaliza matanga miaka mingi iliyopita, na hawawezi kumlilia mara mbili, akae huko huko. Huo ujumbe Paskalia hakuufikisha kama ulivyo. Alimwambia mzee, "Wamekusikia. Wanakuombea." Usiku nilimsikia kupitia ukutani akisali rozari kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

Siku moja ya mvua, mchana, nikiwa peke yangu nyumbani nachagua maharage, mlango ulibishwa. Nikafungua. Mbele yangu alisimama Mzee Sabasi, amevaa kofia ya pama na koti zito la sufu nisilolijua, amelowa, ameshika kifurushi. Nikasema, "Mzee Sabasi, umefikaje huku kwa mguu huo?" Akanitazama bila kunielewa. Kisha akavua kofia. "Mtoto wangu," akasema, kwa Kiswahili cha mtu ambaye hakizungumzi kila siku, "umeniitaje?" Ndipo nikaitazama mikono yake. Haikuwa na kovu hata moja la miiba.

Mzee Sabasi hakuwahi kutuambia kwamba ni pacha. Tulipomuuliza baadaye alishangaa: Butoyi, alisema, ni jina la pacha wa pili, nani asiyejua? Yeye mwenyewe, wa kwanza, kwao aliitwa Bukuru. Nilimkaribisha yule mgeni ndani, nikamwita Bi Tatu, naye Bi Tatu alipomwona alijishika kifuani akasema, "Subuhana!" akarudi jikoni kuwasha moto, kwa sababu hakuna jambo duniani ambalo hakulijibu kwa kuwasha moto. Silvesta akaenda kambini na baiskeli akamleta Mzee Sabasi kwenye karia, amejifunika nailoni. Sisi tulidhani watakumbatiana. Hawakukumbatiana. Walisimama sebuleni wakiangaliana, kila mmoja akiwa kama anakagua uharibifu uliofanywa kwenye mali yake. Butoyi akamsemesha Kiha. Mzee Sabasi akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajaribu tena, akasema kwa Kiswahili, "Kimenitoka, ndugu yangu. Nimebaki na hiki cha Tanga."

Tuliwaacha peke yao, lakini nyumba zile za dari wazi hazina siri, na sisi tuliokuwa jikoni tulisikia kila kitu. Walizungumza Kiswahili, polepole, kwa kusubiriana. Butoyi alisema mama alikufa mzee sana. Alisema mpaka siku za mwisho alikuwa akipakua sahani mbili, kwa sababu mapacha hawapakuliwi moja, na hakuna aliyeweza kumkataza. Kisha Mzee Sabasi akauliza, "Na sahani yangu alikuwa akiila nani?"

"Mimi."

"Miaka yote hiyo?"

"Ningefanyaje? Mama alikuwa akitazama."

Sijui ni nani aliyeanza kucheka. Walicheka vicheko viwili vinavyofanana kabisa, kisha vicheko vikageuka, na Bi Tatu akachukua mwiko akaanza kukoroga chungu ambacho hakikuwa na haja ya kukorogwa.

Waliondoka asubuhi ya siku ya tatu. Stendi walikaa benchi moja, koti la sufu likiwa sasa juu ya mabega ya Sabasi, na watu waliopita waligeuka kuwaangalia. Paskalia alikuwa na furaha nisiyowahi kuiona kwake tena, aliimba njia nzima ya kurudi, na hakuwa na sauti ya kuimba hata kidogo. Lakini jioni hiyo tulipofika kambini, Bibi Melania alikuwa amekaa mlangoni kwake, ufagio mapajani. "Langu limesomwa?" akaniuliza. Nikasema limesomwa, bibi, wiki iliyopita, na Jumapili limerudiwa. Akatikisa kichwa. Kwao kulikuwa ng'ambo ya mpaka, kule Ruvuma, kulikuwa na vita, na hata kama kuna mtu wa ukoo wake aliyebaki, hakuwa akisikiliza redio yetu. Sisi tulijua. Nadhani naye alijua. Aliuliza hivyo kila tulipokwenda, na kila mara nilimjibu, na ule mtikiso wa kichwa chake ninao hadi leo. Niliwauguza watu kwa miaka mingi baada ya hapo, na kila mgonjwa aliyekuwa akigeukia mlango wa wodi saa ya kutazama wagonjwa alinirudisha kwake.

Mvua ziliisha. Wale waliopata ndugu walikuwa wameondoka, na waliobaki walikuwa wale wasio na kwao. Paskalia alikwenda ofisi ya kampuni, akaambiwa suala hilo ni la wilaya. Alikwenda wilayani, akaambiwa ni la kampuni. Aliporudi mara nyingine ya namna hiyo alikaa kwenye kinu chake, akasema, "Mimi nikienda wanamwona mtu mmoja msumbufu. Kesho twendeni wote."

Asubuhi tukawapeleka wazee ofisi ya wilaya, wengine kwa miguu, wengine kwa mkokoteni wa Silvesta. Tukatandika mikeka kwenye baraza. Karani akatoka mbio. "Hii ni nini? Maandamano?"

"Hapana, baba," Paskalia akasema. "Hakuna anayeweza kuandamana hapa. Tumekuja kusubiri."

"Kusubiri nini?"

"Kuambiwa walale wapi."

Tukasubiri. Kengele ya adhuhuri ilipolia kanisani, tulisali Malaika wa Bwana kwa sauti ya chini, na wazee wa Kiislamu wakasogea kando wakatawadha kwa maji ya birika. Siku ya pili tukarudi, na ya tatu. Paroko alikuja akaketi nasi. Siku hiyo ya tatu Bi Tatu alifika na sufuria kichwani na wanawake wa mtaa nyuma yake, na mlinzi akajaribu kumzuia. Bi Tatu akasimama mbele yake. "Mwanangu, mama yako namjua, na bibi yako namjua. Hawa wazee ndio waliofanya Tanga hii ikaitwa Tanga. Nipishe, chakula chapoa." Mlinzi akapisha, na baadaye nilimwona akila.

Sijui kilichozungumzwa ndani. Alasiri mkubwa wa ofisi alitoka mwenyewe, akavua miwani, akawaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, na Bibi Melania hakumwitikia mara ya kwanza, akangoja airudie. Laini ya mwisho, akasema, ile iliyo mbali na kiwanda, haitabomolewa. Waliobaki wataishi humo mpaka mwisho wa maisha yao, na watapewa kipande cha kulima. Haikuwa yote tuliyoomba. Nyumba nyingine zilianguka wiki ileile, tingatinga likazipitia kama biskuti, na makaburi ya watoto wa Bibi Melania yakabaki ndani ya uzio mpya. Yeye mwenyewe, katika kuhamahama kule, alishikwa na homa ya mapafu. Alipotoka hospitali hakuweza tena kukaa peke yake, na Paskalia hakumwuliza mtu. Alimpandisha kwenye mkokoteni, akamleta Nguvumali, akamweka kwenye kitanda cha pili chumbani kwangu.

Miezi ile ya mwisho ndiyo ninayoitamani kuliko yote. Nililala nikimsikia Bibi Melania akizungumza Kimakonde na watu nisiowaona, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayepiga soga akimenya muhogo. Asubuhi alifagia chumba akiwa amekaa. Bi Tatu alimletea uji wa mchele wenye tui, wakabishana kuhusu chumvi. Jioni tulimtoa koridoni akasikilize redio, hata tangazo lake lilipokuwa limeacha kusomwa. Siku moja, msomaji alipomaliza, akamshika Paskalia mkono.

"Lile langu libadilisheni."

"Tuongeze nini, bibi? Jina la mto?"

"Hapana. Semeni nimepatikana."

Paskalia akainama karibu naye. Akamweleza taratibu kwamba tangazo ni la mtu anayetafutwa, kwamba aliyepatikana hatangazwi. Bibi Melania akamtazama kama alivyokuwa akimtazama mtu anayefagia vibaya. "Si mlitangaza nchi nzima kwamba Melania hana watu? Watu wamesikia. Sasa watabaki wakidhani hivyo mpaka lini? Semeni nimepatikana. Semeni ni hapa kwa Bi Tatu."

Silvesta alilipeleka, karani wa matangazo akacheka akamrudisha nalo. Kesho yake Paskalia alilipeleka mwenyewe, na hakutuambia alisema nini huko. Ilikuwa jioni ya Jumamosi. Koridoo ilijaa, jiko la mkaa mlangoni lilikuwa na mahindi. Msomaji, baada ya vifo na baada ya ng'ombe waliopotea, akasoma bila kubadili sauti: Bibi Melania wa Tanga anawajulisha ndugu zake popote walipo kwamba amepatikana, yuko Nguvumali kwa Bi Tatu, hajambo, asitafutwe. Bi Tatu akapiga kigelegele kilichosikika, naapa, hadi Mabawa. Bibi Melania hakutabasamu. Aliuliza, "Limekwisha?" Tukasema limekwisha. "Haya," akasema, "nipeni hindi."

Nafasi ya chuo ilinifikia mwaka wangu ulipokuwa ukiisha. Silvesta alinitengenezea upya mpini wa sanduku, akalibeba hadi stendi, akasimama dirishani pangu mpaka basi likawashwa, na alilotaka kusema hakulisema. Paskalia alisema lake waziwazi: "Ukimaliza, rudi. Kitanda ni chako." Nilikusudia kurudi. Nikapangiwa Songea, nikaolewa, nikazaa, maisha yakanichukua kama yanavyomchukua kila mtu, na nilipopata habari za kifo cha Bibi Melania, alikuwa ameshazikwa pamoja na Wakristo wengine, baada ya miaka ambayo Paskalia alimwosha na kumlisha. Bi Tatu naye akafuata. Paskalia alibaki. Kila mara kulikuwa na mzee mwingine kwenye kile kitanda cha pili, na nadhani ndiyo maana sikuona kamwe kwamba muda umepita. Niliamini tu kwamba nikifika, nitamkuta amekaa sakafuni.

Tulimzika mchana. Kanisa lilijaa hadi nje, kwaya tatu, jumuiya zote. Kaka yake pekee aliyebaki alikuwa mgonjwa huko Mbulu, hakuweza kusafiri. Makaburini, baada ya paroko kumaliza, msimamizi wa ratiba, kijana mmoja mwenye suti na kipaza sauti, akasoma kama inavyosomwa siku zote: "Sasa ndugu wa marehemu wapite mbele waweke udongo." Watu wakatazamana. Nilimwona Silvesta, mvi kichwa kizima, akiegemea fimbo yake, akisogea kaburini. Nikasogea. Upande wa pili akasogea Mwanaidi, binti wa Bi Tatu, ndani ya buibui lake, ambaye mwaka ule alikuwa amebebwa mgongoni. Tukasimama watatu ukingoni.

Kijana akasubiri kidogo, akaziba kipaza sauti kwa kiganja, akainama kwetu. "Samahani, wazee wangu. Ratiba inasema ndugu. Mnatokea upande gani wa marehemu?"

Silvesta akamjibu kwa sauti yake ya chini, bila kumwangalia. "Upande wa Nguvumali."

Kijana akafikiri, kisha akarudi nyuma hatua moja akatupisha. Tukachukua udongo. Ulikuwa mwekundu, wa mvua ya jana, na haukutaka kuachia vidole. Nilitamani Paskalia angekuwa amesimama nasi, amevaa zile raba, atuambie nani atangulie.